Kununua nyumba ya kustaafia Mombasa: maswali yanayoulizwa kila siku

Haya ndiyo maswali ambayo kila mgeni anayekuja kutafuta nyumba kwenye esteti kubwa za huku Nyali, Bamburi na Shanzu huuliza, yaleyale kila mwezi, kwa hivyo tumeyakusanya pahali pamoja, wa kujibu asichoke na wa kuuliza asione haya. Swali likigusa jambo lililojibiwa kwengine tutakutuma huko, hatutarudia.

KABLA HUJATOA HATA SHILINGI

Hizi esteti ni za wazee peke yao?

Hapana. Kuna watu wametazama video za The Villages kule Florida, Marekani, wazee wanazunguka na vigari vya gofu, wakadhani na huku ni hivyo. Marekani ina sheria inayoruhusu mtaa ujitangaze wa wazee mradi angalau asilimia 80 ya nyumba zinazokaliwa ziwe na japo mtu mmoja wa miaka 55 kwenda juu. Kenya hatuna kitu kama hicho. Developa anaweza kuandika kwenye bango kubwa kwamba huu ni mtaa tulivu wa wastaafu na kesho akamuuzia kijana wa miaka 25 mwenye spika zake mbili, na wewe huna pa kwenda kushtaki.

Kilichopo ni mazoea tu. Walimu, watu wa bandari, makarani wa serikali waliofika 60, wa kutoka bara waliochoka na baridi na wa kutoka ng'ambo wamefuatana mpaka esteti fulani zikawa na wazee wengi kuliko watoto. Basi usinunue jina la mtaa. Nenda siku ya Jumanne saa tatu usiku usimame hapo gheti uhesabu madirisha yenye taa. Ukiona giza tupu ujue nyumba nyingi ni za wikendi ama za Airbnb, za kukodishwa kwa siku, na huko kuzeeka peke yako ni kazi.

Ninunue Nyali, Bamburi, Shanzu ama nivuke Mtwapa?

Inategemea unaenda hospitali mara ngapi, hilo ndilo jibu la ukweli ingawa watu wanataka kusikia habari za bahari. Nyali uko karibu na mjini, Nyali Bridge ikiwa wazi, na bei yake unaijua. Bamburi na Shanzu unapata nafasi zaidi kwa pesa ileile ila barabara ya Malindi ina foleni zake. Ukivuka daraja la Mtwapa tayari uko Kaunti ya Kilifi, yaani reti, kodi ya mali ya kaunti, unalipa Kilifi na ukiwa na shida ya kaunti ofisi zako ni za huko, sio za Mombasa.

Kusini ya kisiwa ni kuzuri wallahi, lakini kuvuka Likoni bado ni feri. Siku hizi kuna njia ya Dongo Kundu ya kuzunguka, inasaidia sana mtu anayekwenda ama kutoka bara, ila mgonjwa wa presha saa nane usiku anayetaka kufika kisiwani, mzunguko ni mzunguko.

Nikodi kwanza ama ninunue moja kwa moja?

Kodi. Kodi mtaa huohuo, tena ikiwezekana uonje misimu yote miwili. Watu huja Agosti, upepo wa kusi unapuliza, wanaona Mombasa ni peponi, wanalipa. Halafu inafika Machi kaskazi imekatika, usiku shuka imelowa jasho, ndio wanauliza bei ya eisi, mashine ya kupoza hewa. Na wengine hawajawahi kuona njia ya esteti yao mwezi wa tano masika yakishika, maji yakisimama mpaka tuktuk zinakataa kuingia. Nyumba nzuri ni ile uliyoiona mvua inanyesha.

Nyumba ya chini ama fleti ya juu?

Magoti yako leo sio magoti yako ya miaka kumi ijayo. Juu kuna upepo, hakuna mbu wengi, na fleti unafunga mlango mmoja unaenda kwa wajukuu Nakuru miezi miwili bila wasiwasi. Lakini uliza swali moja tu kuhusu lifti: stima ikipotea, jenereta inabeba lifti ama inawasha taa za ngazi peke yake? Usikubali jibu la mdomo. Omba wazime umeme mkuu uone. Esteti nyingi utaambiwa "fundi hayuko leo", na hapo umeshajibiwa.

Ukichukua ya chini, angalia kizingiti cha mlango kiko juu kiasi gani kutoka kwa njia, na bafu lina kidaraja cha kujikwaa ama liko sawa na sakafu. Vitu vidogo hivi ndivyo vinavyovunja nyonga za watu.

PESA

Mbali na bei ya nyumba nijitayarishe na nini?

Kubwa ni ushuru wa stempu, asilimia 4 ya thamani kwa mali iliyo mjini na 2 kwa iliyo mashambani, na Nyali na Bamburi ni mjini, usidanganywe. Nyumba ya milioni 10 hiyo ni laki nne, na thamani anaipitisha mthamini wa serikali, kwa hivyo ile janja ya kuandika bei ya chini kwenye mkataba haifiki mbali na inaweza kukuumiza siku ya kuuza (ona swali la mwisho kabisa). Halafu kuna wakili wako, wako peke yako, sio yule wa developa unayeambiwa "atawashughulikia nyote", kuna ada za usajili, na mkaguzi wa jengo ukiwa na akili ya kumwita.

Kwa kawaida unatoa asilimia 10 ukisaini mkataba na salio ndani ya siku 90 hivi. Ile 10 ikae kwa wakili kama amana mpaka mambo yakamilike, isiende mfukoni kwa muuzaji.

Dalali anataka pesa ya kunionyesha nyumba. Nimpe?

Nauli ya tuktuk mpe, ni ubinadamu. Lakini anayetaka elfu kadhaa kabla hujaona mlango, mwache. Sheria inataka ajenti wa nyumba awe amesajiliwa na bodi yao, muulize cheti, wengi watakumbuka wana haraka pahali. Na usitume M-Pesa ya "kushikilia nyumba isichukuliwe" kwa mtu yeyote, hata akiwa ni shemeji ya jirani yako.

Sevisi chaji ni nini na mbona kila mtu analalamika?

Ndiyo pesa ya kila mwezi ya askari, taka, pampu za maji, lifti, taa za njia, bustani, bima ya jengo na kupaka rangi. Wanalalamika kwa sababu pensheni haipandi na sevisi chaji inapanda. Ukituuliza sisi hili ndilo jambo la kwanza la kukagua, kabla hata ya hatimiliki, manake nyumba utailipa mara moja lakini hii utailipa mpaka siku unatolewa humo.

Sasa sikiliza, sevisi chaji ndogo sio habari njema. Mtaa unaotoza kidogo aghalabu hauweki akiba, na hewa ya chumvi haisubiri kikao. Siku pampu inakufa ama kuta zinaanza kumomonyoka kamati inaitisha mchango wa ghafla, laki hivi kila nyumba, na mzee wa pensheni anatoa wapi? Omba hesabu za miaka mitatu. Tazama vitu viwili tu, akiba ya matengenezo ina shilingi ngapi na nyumba ngapi zina madeni. Watu wakiwa hawalipi ujue wewe unayelipa ndiye unayewabeba. Kamati ikikataa kukuonyesha kwa sababu "bado hujakuwa mwenyeji", yakhe, usihangaike kuwa mwenyeji.

Naweza kutumia pensheni yangu kununua?

Ukiwa bado mwanachama wa skimu ya pensheni na hujastaafu, kanuni za 2020 zinaruhusu utumie hadi asilimia 40 ya akiba yako kununua nyumba ya kuishi, isipite milioni 7. Kuna na njia ya zamani ya kuweka hadi asilimia 60 kama dhamana ya mkopo wa nyumba. Neno la kushika hapo ni *hujastaafu*, watu wanasubiri wapewe keki na saa ya ukutani ndio waanze kuuliza, na mlango umefungwa. Na hata ukiruhusiwa, piga hesabu ya hiyo 40 ikitoka kitakachobaki kitalipa sevisi chaji na dawa za sukari ama vipi.

Nataka nyumba lakini sitaki riba.

Benki kamili za Kiislamu zipo Kenya tangu 2008 na benki za kawaida kadhaa zimefungua dirisha la Kiislamu, Mombasa hutakosa. Njia iliyozoeleka kwa nyumba ni ya ushirika, benki na wewe mnanunua pamoja, unalipa kodi ya sehemu yao huku unainunua hiyo sehemu kidogokidogo mpaka yote iwe yako. Uliza ukichelewa kulipa inakuwaje na bima ya takaful, ile ya Kiislamu, anailipa nani. Kikwazo ni umri, mabenki yote haya na yale yanatazama utakuwa na miaka mingapi mkopo ukiisha, ukiwa na 58 utapewa muda mfupi na malipo makubwa.

KARATASI

Sachi, kuchunguza hati, nitafanyaje, na inatosha?

Wakili wako anatafuta kumbukumbu za ofisi ya ardhi kwa namba ya hati, inatoka jina la mwenyewe, kama kuna mkopo juu yake, kama kuna zuio. Ifanywe mwanzo na irudiwe siku chache kabla ya salio kwenda, manake mkopo unaweza kuingia katikati. Haitoshi peke yake. Taka pia cheti cha reti kutoka kaunti na, kama ardhi ni ya lisi, yaani umepangishwa kwa miaka fulani, cheti cha kodi ya ardhi kutoka serikali kuu, hivyo ni vitu viwili tofauti na watu huvichanganya kila siku.

Halafu kuna ridhaa ya mke au mume wa muuzaji. Nyumba ya familia ikiuzwa bila idhini ya mwenzake, mauzo yanaweza kuvunjwa. Huku kwetu uliza kwa adabu ana wake wangapi, kwa sababu imewahi kutokea saini ikaja ya mmoja na mwengine akaja na wakili.

Nimeona nyumba ya bei nafuu sana Kisauni, wanasema ni nyumba bila ardhi. Hiyo ni nini?

Ni jambo la Mombasa hasa, mtu wa bara humshangaza. Kuta na paa ni zako, ardhi ni ya mtu mwengine na unamlipa kodi ya ploti kila mwezi. Majengo, Kisauni, Likoni, nyumba nyingi za Kiswahili ziko hivi tangu enzi za babu zetu, na sehemu ya chimbuko lake ni ile sheria ya hati za ardhi ya 1908 iliyofanya ardhi ya mwambao iandikwe kwa wachache waliojua kudai. Mara nyingi hakuna lisi iliyosajiliwa, kuna risiti tu na maneno ya wazee.

Wenyeji wameishi hivyo miaka na miaka na majirani wanajuana, hatusemi ni wizi. Lakini wewe mgeni unayeleta akiba yako yote ya kustaafu, hapana. Mwenye ardhi akiuza kwa mtu anayetaka kujenga ghorofa, utabaki unabeba milango na mabati.

Hati ya sekshonal ni nini na mbona developa hanipi?

Ni hati ya fleti yako yenyewe, kwa jina lako, chini ya sheria ya 2020. Zamani ulikuwa unapewa lisi ndefu na hisa kwenye kampuni ya usimamizi, na fleti nyingi za Mombasa bado ziko hivyo kwa sababu hazijabadilishwa. Ukiwa na sekshonal wenye fleti wote ndio shirika la jengo, wanapiga kura, wanaweza kumtoa meneja. Ukiwa na mfumo wa zamani uliza hisa za kampuni ziko kwa nani. Kuna majengo ambapo developa amezikalia, amejipa na kazi ya usimamizi, anapandisha sevisi chaji anavyotaka na kikao hakiitwi.

Lisi imebaki miaka mingapi ni sawa?

Wewe ya 40 itakutosha, haitamtosha anayenunua kutoka kwako wala benki yake. Inafanywa upya kwa kuomba, ila kuomba ni safari. Kama ni chini ya 50 punguza bei, usione haya.

Ninunue kwenye ramani kabla haijajengwa?

Kijana anaweza kusubiri miaka mitano mradi ulioahidiwa miaka miwili. Ukiwa na 62 nunua kitu ambacho unaweza kufungua mfereji wake leo.

MAISHA YENYEWE

Maji yanatoka?

Yanatoka kwa zamu. Maji matamu ya Mombasa yote yanakuja kutoka mbali, Mzima huko Tsavo, Baricho kwenye mto Sabaki, Marere na Tiwi kule Kwale, kwa hivyo bomba likipasuka huko wewe huku unanunua bauza, lori la maji. Esteti nyingi zinajaziliza na kisima, na visima vya karibu na bahari vina chumvi.

Namna ya kukagua: usionje tu, fungua kile kichujio cha mdomo wa mfereji kwa mkono. Kikiwa na ukoko mweupe mgumu, na kichwa cha shawa kinatoa maji upande mmoja kwa sababu matundu yameziba, hayo ni maji ya kisima yanayopita kila siku na hita yako haitamaliza miaka miwili. Nawa kwa sabuni ya kipande, povu likikataa umejua. Kisha uliza tangi la chini la esteti ni la lita ngapi na likijaa linatosha siku ngapi nyumba zote zikiwa na watu, sio mwezi wa pili, mwezi wa Disemba wageni wakijaa. Na kwa vile uko hapo uliza shimo la choo hunyonywa lini na kwa gharama ya nani, sehemu kubwa ya upande huu haina bomba la maji taka.

Ni kweli chumvi inakula nyumba?

Inakula kila kitu. Friji, mageti, waya za eisi, bawaba, gari. Ukiwa mstari wa kwanza wa bahari mara mbili. Kinachotisha sio kutu ya geti, geti utapiga rangi. Simama chini ya baraza la ghorofa ya kwanza uinue macho. Ukiona mistari ya rangi ya kahawia imenyooka kwenye zege, ama plasta imefura na ukigonga na funguo inalia tupu, nondo za ndani zimeshika kutu na zinavimba, zege linapasuka kutoka ndani. Muuzaji atakuwa amepaka rangi juzi. Rangi mbichi kwenye dari ya baraza peke yake na kuta kuu zimeachwa, hiyo ndiyo ya kuulizia.

Hospitali je?

Kisiwani kuna Coast General ya serikali, Aga Khan, Pandya na Mombasa Hospital. Hutakosa daktari, utakosa barabara. Fanya safari ya majaribio kutoka nyumba hadi mlango wa dharura saa kumi na moja jioni. SHA, bima ya afya ya serikali, ilichukua nafasi ya NHIF Oktoba 2024, hakikisha umejisajili na michango iko sawa kabla hujahama, na kama una bima ya kazini uliza inaisha lini.

Wajukuu wakija, na Airbnb?

Wajukuu huja Disemba na kila mtu anavumilia. Airbnb ndiyo vita. Soma kanuni za esteti, sio tangazo, utafute kama kukodisha kwa siku kumeruhusiwa, kumekatazwa ama hakukutajwa. Ambapo hakukutajwa ndipo bwawa la kuogelea linapigiwa muziki mpaka alfajiri.

Kuna kitu hatuambiwi?

Kima. Nyali na Shanzu wanaingia jikoni kama watu wa nyumbani, wanafungua mkebe wa mkate, na yule dume mkubwa hamwogopi mzee. Wavu kwenye dirisha la jiko, mapema. Kunguru nao wataondoka na sabuni.

Na jengine, salimia. Wazee wa huku mtu akipita kimya wanamhesabu. Shikamoo kwa aliyekuzidi, habari za asubuhi kwa askari, na siku ya msiba usitume pesa tu kwenye grupu, fika.

VISA VYA PEMBENI

Mimi si raia, ama nina uraia wa nchi mbili.

Asiye raia anashika ardhi kwa lisi isiyozidi miaka 99, Katiba kifungu cha 65, na hata ukiuziwa ya milele itahesabiwa ni 99. Mwenye uraia wa Kenya na wa nchi nyengine ni raia, hayamhusu haya. Ukiwa uko ng'ambo na unamwachia ndugu anunue kwa niaba, mpe hati ya uwakili iliyosajiliwa na yenye mipaka, iseme nyumba gani na bei gani. Undugu mwingi umeishia hapo.

Tuandike majina yote mawili, mimi na mke wangu?

Ndiyo, lakini kuna namna mbili. Ya pamoja kabisa, mmoja akifa yote inabaki kwa aliyehai bila kugawa. Ya mafungu, fungu la aliyekufa linaenda kwa warithi wake. Kwa Waislamu mirathi ina hesabu yake na mahakama ya Kadhi, na wasia haupiti thuluthi, kwa hivyo muulizeni sheikh na wakili siku moja kabla ya kusaini, msingoje watoto wakae mkekani wanabishana. Mwenye watoto wa ndoa mbili alisome hili mara mbili.

Nimerithi deni la sevisi chaji la mwenye nyumba wa kwanza. Nilipe?

Ungelitaka barua ya kutodaiwa kutoka kwa usimamizi kabla ya kutoa salio, kama vile cheti cha reti. Kama bado hujalipa salio, deni likatwe hapo. Kama umeshalipa, soma mkataba wako, ukiwa unasema muuzaji ndiye wa madeni ya nyuma mfuate, ila kamati itakukatia huduma wewe uliye ndani, sio yeye aliyeenda Kitale.

Mombasa ikinishinda, kuuza ni rahisi?

Nyumba kubwa ya mstari wa kwanza inaweza kukaa sokoni muda mrefu, fleti ya vyumba viwili karibu na barabara inatoka upesi. Kodi ya faida ya mauzo ni asilimia 15 tangu 2023 na anailipa muuzaji, lakini nyumba uliyoishi mwenyewe mfululizo miaka mitatu kabla ya kuuza imesamehewa. Ukiwa uliikodisha msamaha huo huna, na pale ulipoandika bei ya kununua ya chini faida yako itaonekana kubwa kuliko ilivyo. Gharama za kununua na za kuboresha hutolewa kabla faida haijapigwa hesabu, kwa hivyo risiti za tangi, za vigae, za wakili, zote zitie kwenye faili moja tangu siku ya kwanza, na upige picha, manake karatasi ya risiti huku hufutika kwa joto.